Jumamosi za Elphas

Walinipigia simu kwamba Mama Agneta wa Malava amefariki, na kwa kuwa nimestaafu na sina tena kisingizio cha kazi, nilikwenda. Nyumba niliyoikuta ni ile ile niliyokaa nikiwa msichana wa miaka ishirini na mbili, ila mabati yake yameota kutu na ukuta wa upande wa jikoni umepasuka toka juu hadi chini. Mbele yake, palipokuwa na miwa mpaka macho yachoke, sasa kuna mahindi, viazi vitamu na vichaka ambavyo havina mwenyewe. Kwaya ilikuwa uani, chini ya turubai. Mimi nilikaa sebuleni na wanawake wengine wa rika langu, tukapewa chai na mandazi. Binti mmoja wa marehemu, ambaye mwaka ule alikuwa hajazaliwa, aliniuliza kwa adabu mimi ni nani kwao. Nikamwambia kwamba zamani nilikuwa mpangaji. Halikuwa jibu la uongo, ila nililisikia lilivyo fupi. Nje walikuwa wakimsifu marehemu kwamba alikuwa mwanamke mkimya, asiyeingilia mambo. Wote waliitikia amina. Mimi pia niliitikia, maana msibani si mahali pa kusahihisha watu, lakini kuanzia hapo sikusikia tena mahubiri. Nilikuwa nimerudi kwenye mwaka wangu wa Malava.

Ulikuwa wakati wa miwa. Sukari ilikuwa imewafanya watu wa sehemu zile waonekane kama waliookota kitu njiani na mwenyewe hajaja kukiulizia. Walioezeka kwa nyasi jana, leo walikuwa na mabati. Redio zililia kila boma. Wanaume waliokuwa wakienda sokoni kwa miguu walinunua baiskeli, na waliokuwa na baiskeli walianza kuzungumza habari za pikapu. Matrekta yalipita mchana kutwa yakivuta matela ya miwa, na watoto wakiyakimbilia kwa nyuma kuchomoa kijiti cha kutafuna. Majivu ya miwa iliyochomwa yalidondoka kwenye nguo zilizoanikwa, na wanawake waliyakung'uta bila kulalamika, kwa sababu yalikuwa majivu ya neema. Mimi sikuwa na miwa. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na kazi ambayo haikuwa na jina. Kanisa letu lilikuwa limeelewana na ofisi ya probesheni ya Kakamega kwamba vijana wanaotoka shule ya kurekebisha tabia, ile ambayo watu waliiita aprovu tu, wapatiwe mtu wa kuwa nao mwaka wa kwanza wa uhuru wao. Afisa wa probesheni, Bwana Muhati, mwanamume mnene aliyekuwa akijipepea kwa kofia yake hata siku za baridi, alinipa mafunzo yote tukiwa tumesimama mlangoni pa ofisi yake. "Usimhubirie," aliniambia. "Amehubiriwa vya kutosha. Kula naye. Muulize siku yake imekuwaje. Siku ukimkosa, mtafute." Nilingoja aendelee. Akaniambia ni hayo tu.

Nilitarajia kupewa kundi la vijana, nikaletewa mmoja. Aliitwa Elphas, ana miaka kumi na saba, mwembamba, mabega yamepanda karibu na masikio kana kwamba anangoja kupigwa. Kwao kulikuwa Iguhu, upande wa kusini wa Kakamega, lakini hakuweza kurudi huko. Bwana Muhati alinieleza kwa nini. Siku moja ya fahali kupigana, Elphas na kijana wa jirani, Jotham, walikuwa wakishabikia fahali tofauti. Maneno yakazaa matusi, na matusi yakazaa panga. Elphas alimkata Jotham kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Jotham hakufa, lakini mkono ulikufa. Vidole vilijikunja vikabaki hivyo hivyo. Baba yake Jotham, Mzee Ingutia, ndiye aliyekuwa mwenye mmoja wa wale fahali, na aliapa mbele ya watu kwamba siku Elphas atakapokanyaga boma lake ndiyo siku atakayozikwa. Kwa hiyo kanisa likamtafutia Elphas makao mbali, kwa Mzee Namisi wa Malava, mume wa Mama Agneta, mkulima mkubwa wa miwa na mzee wa kanisa. Nami nikapewa chumba huko huko.

Chumba changu kilipakana na jiko, na ukuta uliotutenganisha haukufika juu. Moshi uliingia, na maneno pia. Elphas alilazwa ghalani, pamoja na magunia ya mbolea na baiskeli ya kupelekea maziwa. Wiki za kwanza alikuwa akisimama wima kila mtu mzima alipoingia mahali alipo. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Mezani aliizungushia sahani mkono wa kushoto, akala haraka na kwa siri, akamaliza kabla Mzee Namisi hajanawa vizuri. Nakumbuka siku alipowekewa ingokho, kuku wa kienyeji, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Jumapili, ugali wa obusuma umesongwa ukasimama kama kichuguu, supu ina mafuta juu, na Mzee Namisi ameshapewa firigisi yake kama ilivyo haki ya mwenye boma. Mama Agneta alimtilia Elphas paja. Kijana akalitazama, akainua macho akauliza, "Nimalize lote?" Watoto wakacheka. Mama Agneta hakucheka. Alimwambia, "Hapa mtu haulizanga. Anakula mpaka ashibe." Kisha akarudi jikoni, na kupitia ule uwazi juu ya ukuta nilimsikia akipenga.

Mzee Namisi hakuwa mtu mbaya, na ningependa hilo lieleweke. Alisali kwa kirefu, lakini alimsomesha mtoto wa ndugu yake. Alimpa Elphas ile baiskeli na kazi ya kupeleka maziwa Kakamega, na hakuwahi kumsimanga kwa yaliyopita, angalau si mbele yangu. Jumamosi Elphas alikuwa akimaliza maziwa mapema, halafu anabaki mjini kutazama mpira, arudi jioni. Nilimuuliza siku yake imekuwaje, kama nilivyofundishwa, naye alinijibu, "Ilikuwa sawa, dada." Ndivyo tulivyozungumza miezi mingi. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuamini kwamba hii ndiyo kazi yenyewe: kuuliza swali moja na kupewa jibu moja, huku mabega ya kijana yakishuka kidogo kidogo kutoka masikioni.

Kufikia mwisho wa kiangazi miwa ya Mzee Namisi ilikuwa imepitiliza. Kiwanda kilikuwa na foleni yake. Kila mkulima alingoja zamu, na zamu ya Mzee ilisogezwa, ikasogezwa tena. Miwa ikikaa sana inakuwa kuni. Aliacha kumalizia sala zake vizuri. Mchana mmoja nilikuwa chumbani nashona kifungo, nikamsikia akizungumza jikoni na nyapara wa wakata miwa, aliyekuwa amekuja kunywa chai. Nyapara alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mzee, miwa iliyoungua haipangangi foleni. Hiyo kiwanda kinaikimbilia, kabla haijaoza." Mzee Namisi akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani. Kisha wakazungumza habari za mvua, na mimi nikakata uzi nikaendelea na shughuli zangu.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nilisikia kitu kama mvua ya mawe ikija juu ya mabati. Nilitoka nje. Anga lilikuwa jeupe, halina wingu, na miwa ilikuwa inawaka. Moto wa miwa una kelele ambayo asiyeusikia hawezi kuijua; kila bua linapasuka kivyake. Wakata miwa walikuja na matawi mabichi, wakauzuia upande wa nyumba, lakini upepo uligeuka. Moto uliruka njia ya baiskeli, ukaingia kwa jirani, mjane aliyeitwa Mama Rispa, ambaye miwa yake ilikuwa michanga bado, isiyofaa kiwandani wala popote. Alisimama kando ya njia, khanga imemwanguka begani, akiutazama. Moto ulipokwisha alisema tu, "Mimi nani ataninunulia hii?" Watu wote wakamgeukia Mzee Namisi. Mzee akatazama viatu vyake. Ndipo sauti fulani, sikuijua ya nani, ikauliza kutoka nyuma, "Na yule kijana wenu wa aprovu yuko wapi?"

Hakuna aliyemtaja Elphas kwamba ndiye. Mzee Namisi naye hakumtaja. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukafanya kazi yote. Elphas alipofika na baiskeli yake jua likielekea kutua, alikuta uwanja umejaa. Naibu wa chifu alimshika bega akamuuliza alikuwa wapi. "Kakamega, kwa mpira," akajibu. "Nani walicheza?" Elphas akatazama baiskeli yake. "Hakukuwa na mpira leo," alisema naibu wa chifu. "Uwanja ulikuwa na mkutano. Mimi mwenyewe nilikuwako." Nilimtazama Elphas, na mbele ya macho yangu mabega yalipanda tena hadi masikioni, kazi ya miezi yote ile ikafutika mara moja. Walimpeleka kituo cha askari wa utawala. Alikuwa nje kwa masharti, na kosa lolote lingemrudisha ndani. Na sasa kwa umri wake asingerudi shule tena, angepelekwa gereza la vijana.

Kesho yake nilimpelekea chakula. Tuliruhusiwa kukaa kwenye benchi la nje, askari akiwa karibu anasikiliza redio. Elphas alikula polepole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na kwa sababu hiyo nilipata muda wa kumtazama vidole. Vilikuwa vyeusi kwenye ncha, weusi ulioingia ndani ya ngozi. Nilikuwa nimeuona weusi huo Jumapili nyingi nikidhani ni grisi ya baiskeli. Lakini asubuhi ile alikuwa amenawa kwa sabuni mbele yangu na haukutoka. Mimi nimezaliwa mahali pa majani chai. Mama yangu alikufa na vidole vya rangi hiyo hiyo. Malava hakuna chai.

"Elphas," nilisema, "unachuma chai ya nani?"

Akaacha kutafuna.

"Dada," alisema, "usiende."

"Nisiende wapi?"

Alisukuma sahani, akasimama, akamwambia askari kwamba amemaliza.

Asubuhi ya Jumatatu nilimkuta Mama Agneta uani anafua shati moja la mumewe. Kufua ilikuwa kazi ya msichana wa nyumba, na msichana alikuwa amekaa kando, mikono mapajani, hajui afanye nini. Nilipokaribia nilipata harufu ya mafuta ya taa. Mama Agneta aliendelea kulisugua lile shati bila kuinua kichwa. Nilisimama pale. Mwishowe akamtuma msichana maji, akasema kwa sauti ndogo, "Rasoa, mimi ni mke wa mtu. Siwezi kusimama barazani. Lakini wewe una miguu." Akalikamua shati kwa nguvu mpaka mishipa ya mikono ikasimama. "Yule mtoto ana mahali anaendanga. Si mpira. Hurudi amechoka kama mtu aliyelima, na anakulanga kama mtu aliyelima. Tafuta ni wapi." Hiyo ndiyo mara pekee aliyozungumza nami juu ya jambo lile, wakati ule au baadaye, na nilikuwa nikiyafikiria maneno hayo msibani waliposema hakuwa mtu wa kuingilia mambo.

Nilipita kwanza kwa Bwana Muhati. Nilimweleza habari za nyapara, za kicheko, na za shati. Alijipepea kwa kofia. "Ulisikia kicheko," alisema. "Kicheko si ushahidi. Na shati limeshafuliwa. Ukisema hayo barazani utakuwa umemtukana mzee wa kanisa, na kijana ataingia ndani vile vile." Alikuwa amemshawishi naibu wa chifu aahirishe mambo hadi Jumatatu ijayo, zaidi ya hapo hakuwa na uwezo. "Usitafute nani aliwasha," akaniambia nikiwa mlangoni. "Tafuta alikuwa wapi."

Chai ilikuwa Iguhu, kwao Elphas, mahali alipokatazwa kukanyaga, na safari ya huko haikunipa shida. Niliuliza nyumba ya Jotham aliyekatwa mkono, na mtoto wa shule akanielekeza. Lilikuwa boma dogo lenye ua wa michongoma, migomba nyuma, na kwenye mteremko, mistari ya chai iliyopunguzwa vizuri, safi, isiyo na gugu hata moja. Mwanamke mrefu mwenye kitambaa kichwani alitoka ndani kabla sijabisha. Nilimsalimu kwa mulembe, akaitikia. Nikajitaja jina na kazi yangu. Uso wake haukubadilika, ila aliangalia barabarani, kushoto na kulia, kisha akaniingiza jikoni, si sebuleni, na akaurudisha mlango.

Mama Jotham alinisimulia akiwa anachambua mboga ya murere, bila kunitazama, kana kwamba alikuwa akiyaeleza majani. Mumewe alikuwa bawabu mjini Kakamega na alikuja nyumbani Jumamosi jioni tu, akaondoka Jumapili. Jumamosi moja, muda mfupi baada ya Elphas kutoka aprovu, mama huyu aliinua kichwa akamwona kijana amesimama uani. Alikuwa na panga. "Nilisema moyoni, amerudi kummalizia mwanangu. Nikasimama mlangoni, hivi, nimeshika mwiko." Elphas hakumsogelea. Alienda kwenye gogo la kupasulia kuni, akalaza mkono wake wa kulia juu yake, akaweka panga kando, akamwambia amwite Jotham aje amkate, ili wawe sawa. "Nikamtazama. Nikaliokota lile panga. Unajua, mwanangu, nililishika, na ulikuwa umebaki huo mkono tu hapo juu ya gogo." Aliacha kuchambua. "Nikamwambia, mkono wa pili ukikatika nao hautanichumia chai. Nikampa jembe. Sikumpa kiti, wala maji. Nikamwonyesha gugu lilipo."

Tangu siku hiyo alikuja kila Jumamosi, akapita kwa nyuma, kwenye migomba, akalima, akachuma, akaondoka kabla mwenye boma hajafika. Majirani wawili walijua na walinyamaza. Jotham mwenyewe alikuwa ameingia jikoni tukizungumza, kijana mzuri wa uso, mkono wake umefichwa mfukoni. Nilimuuliza kama amemsamehe Elphas. Nilikuwa mdogo, na maswali ya namna hiyo nilidhani ndiyo yenyewe. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekalia kiti kibovu. "Sijamsamehe," alisema. "Anajua. Tulishaambiana. Lakini Jumamosi ile ya moto alikuwa hapa, kuanzia mchana mpaka jua likaanza kushuka. Hilo nalo ni kweli."

"Basi njooni mseme," nikasema.

Mama Jotham alicheka bila furaha. "Niseme mbele ya watu kwamba nimemlisha adui wa mume wangu nyuma ya mgongo wake? Unamjua Ingutia? Yeye hapigi kelele. Akiapa, ameapa." Alichukua sufuria akaiepua motoni. "Nenda, mwanangu. Sijasema ndiyo. Sijasema hapana." Nilipofika barabarani nilielewa kwa nini Elphas aliniambia nisiende. Alikuwa amepima. Upande mmoja aliweka gereza, upande mwingine amani ya mama huyu ndani ya nyumba yake, na akachagua. Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka nilinunua ndizi mbivu kwa mwanamke wa kando ya njia na kuzila zote nimesimama.

Wiki hiyo matrekta ya kiwanda yalikuja kwa Mzee Namisi. Miwa iliyoungua haikupanga foleni. Wakata miwa waliimba, nyapara alitembea huku na huko na fimbo yake, na Mama Agneta aliwapikia chai katika sufuria kubwa. Mezani Mzee alisali kwa kifupi. Aliniuliza kijana anaendeleaje kule kituoni, nikamwambia anakula polepole siku hizi. Hakuuliza tena.

Baraza lilifanyika mbele ya ofisi ya naibu wa chifu, watu wamekalia benchi za shule, Elphas peke yake kwenye kiti katikati. Mama Rispa alizungumza kwanza, akasema yeye hajui aliyewasha, anajua tu kilichoungua. Mzee Namisi alisema amempokea kijana kwa moyo mweupe na mambo mengine anamwachia Mungu. Naibu wa chifu alimuuliza Elphas tena alikuwa wapi, na Elphas akasema, "Sina la kusema, mkubwa." Bwana Muhati alinitazama. Nilianza kusimama, bila kujua nitasema nini, kwa sababu sikuwa na ruhusa ya mtu yeyote kusema nilichokijua. Ndipo nilipoona watu wa nyuma wakigeuka. Mama Jotham alikuwa anakuja kutoka barabara kuu, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani. Jotham alikuwa kando yake. Na mbele yao, katika koti kubwa la bawabu lililofungwa vifungo vyote, alitembea mwanamume mfupi, mkavu, mwenye mvi, ambaye nilimjua kabla hajajitaja kwa sababu nilimwona Elphas akiinuka kitini kama aliyechomwa.

Mzee Ingutia hakuketi. Aliomba ruhusa ya kusema, akapewa.

"Mimi natoka Iguhu," alisema. "Huyu kijana ndiye aliyemwua mtoto wangu mkono. Jotham, waonyeshe." Jotham alitoa mkono mfukoni, akauinua. "Huyu ni adui yangu, na mimi ni adui yake. Sikuja hapa kwa mapenzi. Jana mke wangu aliniambia jambo. Sikula. Nikakaa nalo mpaka asubuhi. Kwamba Jumamosi huyu anakuwanga kwangu, analima shamba langu, bila ruhusa yangu. Na hiyo Jumamosi mnayosema alikuwa kwangu, anachuma chai yangu, bila ruhusa yangu. Majirani wamenieleza vile vile. Nimewauliza mmoja mmoja." Akamgeukia Elphas. "Hilo la kuingia kwangu nitalimaliza naye mwenyewe. Mnisikie vizuri, nitalimaliza. Lakini mtu hafungwi kwa moto wa Malava na alikuwa Iguhu. Nimemaliza."

Naibu wa chifu aliuliza maswali mawili matatu, kwa kutimiza desturi. Mama Jotham aliyajibu kwa kifupi. Elphas aliachiliwa hapo hapo. Hakuna aliyeuliza basi moto uliwashwa na nani. Watu waliondoka wakizungumza habari za mvua. Msimu ulipoingia Mzee Namisi alituma trekta likalima shamba la Mama Rispa, likapandwa upya, na nadhani hiyo ndiyo sala aliyoweza kuimaliza. Siku chache baada ya baraza aliniambia mezani, akimega obusuma, kwamba ana jamaa wanakuja na vyumba vitahitajika. Mama Agneta alitufungia kuku mzima katika majani ya migomba, hata firigisi akaiacha ndani. Tulihamia Kakamega, mimi katika chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, Elphas kwa fundi wa baiskeli aliyekubali kumfundisha kazi.

Mzee Ingutia alituma neno kwamba Elphas aende Iguhu Jumapili, na apite lango la mbele. Nilimsindikiza. Njia nzima nilijizuia kuhubiri. Mzee alikuwa amesimama langoni na lile koti. Hakutusalimia. "Ulikuwa unakuja kwangu kama mwizi," alimwambia Elphas. "Unamfanya mke wangu kuwa mwongo. Hayo ndiyo sitaki." Elphas alikuwa ameinamisha kichwa. "Sasa utakuja Jumapili, baada ya kanisa, mimi nikiwako. Utafanya kazi mbele ya macho yangu. Nitakapochoka kukuona nitakwambia." Kisha akaniambia mimi, kwa upole ambao sikuutegemea, "Mama, wewe unaweza kwenda. Hatutamla."

Nilifanya kazi ya probesheni maisha yangu yote baada ya hapo. Mwisho wa mwaka ule Bwana Muhati ndiye aliyeniombea nafasi ya mafunzo Nairobi, na nimekutana na vijana wengi ambao majina yao yamenitoka. Wengine walirudi ndani. Wengine walikuja kunialika harusini. Sikupata kamwe mafunzo yaliyozidi yale ya mlangoni, na sikuwahi kuona jambo linalofanana na lile la Iguhu likitokea tena, wala sikulingoja. Watu hudhani kwamba sisi ndio tuliowabadilisha. Mimi nilikuwa mtu aliyekaa karibu, nikauliza siku imekuwaje. Yaliyobaki walifanyiana wenyewe, kwa bei ambayo hakuna ofisi ingethubutu kuwapangia.

Jumapili ya mwisho kabla ya kusafiri nilikwenda Iguhu kumuaga Elphas. Nilifika mchana, nikasikia sauti kabla sijafika langoni, nikasimama nyuma ya michongoma. Walikuwa wote watatu mteremkoni kwenye chai. Elphas alikuwa na kikapu mgongoni. Mzee Ingutia alikuwa amevua koti, ameshika fungu la majani, anamtikisia usoni.

"Majani mawili na ncha!" alikuwa akifoka. "Mawili! Hii ni nini? Hii ni chakula cha mbuzi! Nani alikufundisha kuchuma namna hii?"

Elphas aliangalia chini, na mabega yake yalikuwa mahali pake. Jotham, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa shamba, akasema kutoka huko, "Ni mimi, baba."

Mzee akageuka. "Wewe?"

"Ni mimi nilimfundisha."

"Basi nyote wawili ni wajinga," alisema Mzee Ingutia, na akatupa yale majani. Jotham akaanza kucheka. Elphas alijaribu kujizuia, nikaona kikapu kinatikisika mgongoni mwake. Mzee alisimama kati yao akiendelea kuwagombeza kwa Kiidakho, lugha ya kwao, kwa sauti ya juu, kwa maneno ambayo mtu hamwambii mgeni. Nilisikiliza mpaka nikayasikia yote. Halafu nikaondoka bila kubisha.